NYONGA YA KISAHANI: JINSI MFUPA UNAVYOJIREKEBISHA NA KUJIHARIBU

  Wahariri waliniomba niandike jambo la afya kwa kuwa ndo masomo ninayosomea, na nilishapanga kuandika juu ya kisukari. Kisukari kitasubiri. Nataka niwaeleze habari ya nyonga, na sababu ni dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ameniruhusu kuisimulia ilimradi nisimtaje jina.

Dada anaishi huku Dallas. Amefanya kazi ya CNA miaka mingi, ile kazi mnayoijua, ya kuwainua wazee kutoka kitandani, kuwaogesha na kuwarudisha, zamu mbili kwa siku ikibidi. Alipofika miaka 26 akaanza kusema kiuno kinamuuma. Alipoenda kliniki akakitafsiri kiuno kwa Kiingereza neno kwa neno, kama ambavyo ningefanya mimi na wewe, na muuguzi akaandika maumivu ya mgongo. Akapigwa picha ya mgongo, ikawa safi, akapewa vidonge. Miezi ikapita. Ukweli ni kwamba maumivu yalikuwa kwenye kinena, pale paja linapoungana na mwili kwa mbele, lakini jamani, ni dada gani wa kwetu atamwambia mwanaume asiyemjua kwamba anaumwa kinena? Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuficha. Tunasema kiuno, tunamaliza.

Kliniki ya pili walifika hadi nyonga, wakamtazama, wakaona kijana, mweusi, kazaliwa Afrika, wakasema hii itakuwa selimundu. Siwalaumu sana kwa hilo. Selimundu huziba mishipa midogo ya damu, na kichwa cha fupa la paja kina mishipa michache ya kukilisha, hivyo kinaweza kufa na kuporomoka. Ni sababu ya kweli ya maumivu ya nyonga kwa vijana wetu. Damu ikapimwa, majibu yakaja AA, hana kitu. Hapo wangeendelea kutafuta, lakini walisimama. Alirudi kazini na vidonge vyake. Picha ya eksirei ya nyonga zote mbili ilikuja kupigwa miaka 4 baada ya maumivu kuanza, na daktari wa mifupa aliyeisoma alisema mwenyewe kwamba hakutegemea kuona ugonjwa ule kwa mwanamke wa Afrika Mashariki. Unaitwa displasia ya nyonga.

Sasa tuingie darasani kidogo.

Nyonga ni kiungo cha mpira ndani ya kikombe. Mpira ni kichwa cha fupa la paja. Kikombe kiko kwenye fupa la nyonga. Vyote viwili vimefunikwa gegedu, ile nyama ngumu nyeupe inayoteleza ambayo huwa unaitafuna mwisho wa mfupa wa kuku. Kwa mtu wa kawaida kikombe ni kirefu, kinaukumbatia mpira vizuri juu na pembeni. Kwa mwenye displasia kikombe hakikukua sawasawa, kimebaki kama kisahani cha chai, tena kisahani kilichoinama kuelekea nje. Mpira umekaa, lakini sehemu yake ya nje haina paa.

Tangu 1939 daktari wa Sweden, Gunnar Wiberg, alitupa njia rahisi ya kupima hilo kwenye eksirei. Unachora mstari wima kutoka katikati ya mpira, halafu mstari mwingine kutoka hapo hapo hadi ukingo wa nje wa paa. Pembe kati ya mistari hiyo ikizidi nyuzi 25, paa linatosha. Ikiwa chini ya 20, hiyo ni displasia. Katikati yake ni mpakani. Dada yangu alikuwa na nyuzi 12 kushoto na 17 kulia.

Mtu atauliza, kama alizaliwa hivyo, kwa nini hakuumwa akiwa mtoto? Mbona alikimbia mchakamchaka shuleni kama wengine? Hapa ndipo hesabu inapoingia. Ukitembea, kuna muda unasimama kwa mguu mmoja tu. Uzito wa mwili unataka kukuangusha upande wa pili, na misuli ya pembeni ya nyonga lazima ivute kwa nguvu kukuzuia, kama mtu anayeshikilia upande mfupi wa mizani. Kwa hiyo kiungo hakibebi uzito wako peke yake, kinabeba uzito wako pamoja na mvuto wa misuli, jumla karibu mara 2 na nusu ya uzito wa mwili kwa kila hatua. Mtu wa kilo 70 anaipa nyonga yake kama kilo 175. Kwenye kikombe kirefu mzigo huo unasambaa. Kwenye kisahani unakusanyika ukingoni. Ukikanyagwa na mtu aliyevaa ndala utasema pole tu, lakini mtu yule yule akikukanyaga na kiatu cha mchuchumio utapiga kelele. Uzito haukubadilika, umebadilika ukubwa wa pale unapotua.

Gegedu changa huvumilia. Haina mishipa ya fahamu, kwa hiyo inaumia kimya kimya miaka 20 au 30. Na kwa sababu kisahani kimeinama, kila hatua inausukuma mpira utoke nje kidogo. Kinachouzuia ni utepe wa gegedu laini uliozunguka ukingo wa kikombe, unaoitwa labramu. Kwa mtu wa kawaida labramu haibebi mzigo mkubwa. Kwa mwenye displasia inageuzwa kuwa ukuta, inafanya kazi ambayo haikuumbiwa, na inanenepa kwa kazi hiyo. Halafu siku moja inachanika. Wengi wanaanza kusikia maumivu hapo, pamoja na kitu kama kunasa au mlio wa "klik" wakiinuka kwenye kiti au kushuka kwenye gari. Ukimwuliza mgonjwa panauma wapi, mara nyingi anaishika nyonga kwa pembeni, kidole gumba nyuma na vingine mbele kwenye kinena. Dada alikuwa anafanya hivyo kila siku jikoni, sisi tunadhani ni uchovu wa kazi.

Baada ya gegedu na labramu zamu ni ya mfupa, na hapa ndipo mimi napapenda, japo naona aibu kusema napenda kitu kinachomuumiza dada yangu. Watu wengi wanafikiri mfupa ni kama jiwe, unalika tu. La, mfupa ni kitu hai. Una seli zinazobomoa na seli zinazojenga, na zote zinasikiliza mzigo. Mjerumani Julius Wolff aliliandika hili mwaka 1892: mfupa unaobebeshwa zaidi hujijenga zaidi, unaopumzishwa hupungua. Kwa hiyo mabadiliko tunayoyaona kwenye nyonga ya kisahani si uchakavu tu. Ni mfupa unaojaribu kutatua tatizo kwa akili zake, na unakosea.

La kwanza kuonekana ni nyusi. Kwenye eksirei, paa la kikombe huonekana kama mstari mweupe uliopinda juu ya mpira, na Wafaransa waliuita nyusi, jina ambalo madaktari wanalitumia hadi leo. Nyusi ya mtu mzima wa afya ni ya unene sawa mwanzo hadi mwisho, na imelala. Ya mwenye displasia imepanda kuelekea nje, na mwisho wake wa nje umenenepa kama pembetatu nyeupe. Mahali hapo mfupa umejijenga ukawa mzito kwa sababu ndipo mzigo wote unapotua. Ni kama kuangalia barabara yenye kiraka cha lami: unajua malori yanapitia wapi bila kuyaona. Ubaya ni kwamba mfupa mzito hauna ule ulaini wa kupokea kishindo, hivyo gegedu iliyo juu yake inabanwa kati ya vitu viwili vigumu na kuisha haraka zaidi.

Gegedu haionekani kwenye eksirei, inaonekana kama nafasi nyeusi kati ya mpira na kikombe. Kawaida nafasi hiyo ni kama milimita 4. Ikishuka chini ya 2 tunasema osteoathraitisi imeshaingia, yaani ule ugonjwa wa kuchakaa kwa kiungo ambao nyumbani tunauchanganya pamoja na mengine yote na kuuita baridi yabisi.

Kisha vinakuja vishimo. Chini ya gegedu iliyopasuka, ndani ya mfupa, vinatokea vifuko vyenye majimaji. Wataalamu wana maelezo mawili: wengine wanasema ute wa kiungo unasukumwa kwa nguvu kupitia nyufa hadi unachimba mfupa, wengine wanasema mfupa wenyewe unapondeka, unakufa sehemu ndogo, na mwili unaisafisha na kuacha tundu. Inawezekana yote mawili ni kweli. Kwa displasia, vifuko hivi hupenda kutokea kwenye paa, upande wa nje, na wakati mwingine hujitokeza nafasi ya gegedu ikiwa bado haijapungua sana. Wakati mwingine pia ukingo wenyewe wa paa unavunjika taratibu kwa uchovu, kama mpini wa jembe unavyovunjika bila siku maalumu, na kipande kidogo cha mfupa kinabaki kimekaa peke yake pale pembeni.

Halafu miiba, yaani osteofaiti. Kila kiungo kilichochakaa huota miiba ya mfupa pembezoni, lakini nyonga ya kisahani inaiotesha kwa namna yake. Kumbuka mpira umesogea nje, kwa hiyo upande wa ndani pamebaki uwazi. Mwili hauupendi uwazi. Mfupa mpya unaota upande wa ndani wa mpira, unaning'inia kama tone la maji, na sakafu ya kikombe nayo inaota tabaka la pili hadi kwenye picha unaona sakafu mbili. Nia ni njema, kujaza pengo na kuongeza eneo la kubebea mzigo. Matokeo yake ni kwamba mpira sasa umezuiliwa kurudi ndani na unasukumwa nje zaidi, kule kule kwenye ukingo ulioelemewa. Niliposoma hili mara ya kwanza nilicheka, halafu nikamkumbuka dada, nikanyamaza.

Mwishoni mpira wenyewe unapoteza umbo. Unabonyea juu, unapanuka kama uyoga, unapanda. Kuna upinde ambao daktari huufuata kwa macho kwenye picha, kutoka upande wa ndani wa shingo ya fupa la paja hadi chini ya mfupa wa kinena, mviringo mmoja laini. Nyonga ikipanda, upinde huo unakatika. Mwaka 1979 Crowe na wenzake walizigawa nyonga hizi katika daraja 4 kwa kiasi mpira ulivyopanda, na daraja la 4 ni pale ulipotoka kabisa. Hapo mpira unaegemea ubavu wa fupa la nyonga na kujichimbia kikombe bandia. Mguu unakuwa mfupi na mtu anachechemea kwa kuyumba. Lakini tusikimbilie kumwambia kila bibi anayechechemea kijijini kwamba ni displasia. Kwetu polio, kifua kikuu cha nyonga na usaha wa kiungo utotoni vimewaacha wengi wakichechemea.

Na kweli kwetu displasia ni nadra. Madaktari wa hospitali ya Beit CURE, Blantyre, Malawi, walipitia kumbukumbu zao za miaka 10 na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Katika watoto 40,683 waliohudumiwa hawakupata hata mmoja aliyekuja na displasia yenye dalili au kufanyiwa upasuaji kwa ajili yake. Wao wanaitaja mbeleko. Mtoto akibebwa mgongoni, mapaja yamepanuka na magoti yamekunjwa kama chura, na hapo mpira unakaa katikati ya kikombe wakati kikombe bado ni gegedu laini, kinachukua umbo la kinachokaa ndani yake. Urithi nao lazima uchangie, siamini kwamba ni nguo peke yake. Lakini Wajapani walikuwa na desturi ya kuwafunga watoto miguu ikiwa imenyooka. Katika miaka ya 1970 walianza kampeni ya kuwaambia wazazi waache, na idadi ya watoto wenye nyonga iliyotoka ikashuka kutoka kati ya asilimia 1.1 na 3.5 hadi karibu asilimia 0.2.

Hili linawahusu akina mama wetu wa hapa Texas. Nimewaona. Mbeleko imewekwa kwenye sanduku kwa sababu majirani watashangaa, na mtoto anafungwa blanketi miguu imenyooka kama burito, maana ndivyo walivyomwona muuguzi akifanya wodini. Mikono mfungeni mkitaka alale. Miguu iacheni ipanuke na kukunjika. Na kanga mgongoni hapa Arlington haina kosa lolote kisheria, mimi nimeuliza.

Ila mbeleko si chanjo. Dada yangu alibebwa mgongoni na mama mkubwa hadi akawa mzito. Alikuwa na yale mengine yote: ni mtoto wa kike, wa kwanza, na alikaa tumboni akitanguliza makalio. Hizo tatu, pamoja na ndugu wa karibu mwenye tatizo hilo, ndizo daktari wa watoto anatakiwa kuuliza. Unadra wa ugonjwa ukawa mtego kwake: kwa sababu Waafrika hawaupati sana, kwa Mwafrika aliyeupata hakuna aliyeutafuta.

Je, unatibika? Inategemea umefika lini. Mtoto mchanga akigunduliwa mapema, mara nyingi anavalishwa mikanda ya Pavlik, iliyobuniwa na daktari wa Czechoslovakia, ambayo inafanya kile kile mbeleko inachofanya, na anapona bila kisu. Kijana ambaye gegedu yake bado ipo anaweza kufanyiwa upasuaji uliobuniwa Bern, Uswisi, na Reinhold Ganz na wenzake mwaka 1984. Wanakata mfupa kuzunguka kikombe, wanakigeuza kiufunike mpira, wanakifunga kwa skrubu. Ni upasuaji mkubwa, magongo ni wiki kadhaa. Katika wagonjwa wa mwanzo kabisa wa Bern, nyonga 60 kati ya kila 100 zilikuwa bado zinatumika baada ya miaka 20 bila kubadilishwa. Vishimo vikishakuwa vikubwa na nafasi imekwisha, kugeuza kikombe hakusaidii tena, ni kuweka nyonga ya bandia. Hizo nazo zina umri wake: uchunguzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba 58 kati ya 100 hudumu miaka 25. Kwa mzee wa miaka 70 hiyo ni habari njema. Kwa mtu wa miaka 30 maana yake ni kwamba huenda atarudi mezani tena.

Dada alipata yote mawili. Kushoto ilikuwa imechelewa, vifuko viwili kwenye paa na nafasi karibu imekwisha. Akiwa na miaka 31 aliwekewa nyonga ya bandia. Kulia gegedu ilikuwa bado nzuri, kikombe kikageuzwa mwaka uliofuata. Miaka ile 4 ya vidonge vya mgongo ndiyo ninayoifikiria. Sijui kama ingeiokoa ile ya kushoto, lakini ingepewa nafasi.

Kwa upande wa hospitali tuna bahati ya kuishi hapa tulipo. Dallas ina Scottish Rite, iliyoanzishwa 1921 kwa ajili ya mifupa ya watoto, na kitabu kikubwa cha mifupa ya watoto ambacho madaktari wanakisomea, cha Tachdjian, kimehaririwa hapo na Dk. Herring. Houston mna Texas Medical Center na hospitali ya watoto ya Texas Children's. Pesa ndo kizungumkuti. Texas ni kati ya majimbo machache ambayo hayajapanua Medicaid, hivyo kijana mwenye kipato kidogo na asiye na bima anabaki hewani. Hospitali za kaunti, kama Parkland kwa Dallas, JPS kwa Fort Worth na Harris Health kwa Houston, zina mipango ya kuwapunguzia gharama wakazi wao, masharti yanatofautiana, nendeni na uthibitisho wa makazi na wa kipato. Mwanafunzi mwenye bima ya chuo aitumie kabla hajahitimu. Tunaogopa kwenda tukiwa na bima, halafu tunaumwa ikiisha.

Ukienda, useme kinena. Kama unaona haya, onyesha kwa kidole. Sema yanauma ukikaa muda mrefu au ukitembea, na kama uliambiwa ulitanguliza makalio sema pia. Omba eksirei ya nyonga zote mbili ukiwa umesimama, kwa sababu ya kulala inaweza kuficha jinsi mpira unavyosogea mzigo ukiwa juu yake.

Mwaka jana dada alijifungua mtoto wa kike. Kwa kuwa mama yake anayo, mtoto alipimwa kwa altrasaundi akiwa na wiki 6, maana katika umri huo kichwa cha fupa la paja bado ni gegedu na eksirei haikioni vizuri. Vikombe vyote viwili vilikuwa virefu. Daktari anataka eksirei akifikisha miezi 6, na mama mkubwa ametuma kanga mbili kutoka Morogoro.